Samli kwenye skrubu

Jumatano, bomani Dodoma

Ni samli yangu, sina wa kumsingizia.

Bwana mkubwa aliponipa bunduki niifungie darubini ya kulengea, nilizipaka skrubu samli ndipo nikazikaza. Kwetu Ugogo chuma hupakwa samli kisishike kutu. Jana kule Ihumwa alimpigia simba risasi tatu, zote zikaenda pembeni. Skrubu zilikuwa zimelegea kwa utelezi wa samli. Akasema Malogo, mbeba bunduki wake, ameiangusha. Kesho atachapwa viboko ishirini na vitano.

Leo nimezifuta skrubu kwa spiriti, nikazikaza kavu, kidogo huku, kidogo kule. Bwana akapiga risasi kumi, na darubini haikutikisika.

"Umeona?" akaniambia. "Kazi yako nzuri. Ni yule mjinga aliyeiangusha."

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Mdomo huu!

Nikisema kweli, mgongo utakaochapwa ni wangu. Nisiposema...

Jioni mke wa Malogo amekuja, macho yamemvimba. "Shemeji, naomba samli kidogo. Kesho nitampaka mgongoni."

Nimempa kibuyu kizima. Amenishukuru mpaka akapiga magoti.