Mke Wetu

Umuoba, 4 Machi 1974

Mwanangu Obioma,

Salamu sana. Mimi mzima, ila goti. Huko Lagos mnakula vizuri?

Mwanangu, nimeoa. Usicheke! Baba yako alituacha bila mtoto wa kiume, na ami zako walishaanza kulipima shamba letu kwa macho. Nimetoa mahari kama desturi inavyomruhusu mjane, tembo limenyweka, na Nwakaego yuko jikoni kwangu. Atakaowazaa ni wa ukoo wa baba yako. Juzi wanaume walinikaribisha kuvunja nao kola, kokwa ambayo wanawake hawaivunji. Shangazi yako anasema hata kukohoa sasa nakohoa kama wazee wa kiume.

Njoo umwone mke wetu.

Mama yako

Lagos, 19 Aprili 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Nilicheka, kisha nikapata ujasiri.

Ekaete, yule mwalimu wa kike ninayeishi naye, si wa kugawana kodi tu. Nampenda kama ulivyompenda baba. Nataka nimlete Krismasi. Wewe uliyeoa, mama, utanielewa kuliko mtu yeyote.

Bintiyo

Umuoba, 20 Mei 1974

Obioma,

Barua imefika. Sisi wazima.

Umenielewa vibaya. Mimi nimeoa ili mlango wa baba yako usifungwe. Nwakaego ana bwana aliyemchagua mwenyewe, huja na kuondoka, hakuna anayeuliza. Hayo yako huku hayana jina. Krismasi njoo peke yako.

Mama yako

Lagos, 2 Januari 1975

Mama,

Shikamoo. Sikuja, maana peke yangu siji. Nakutumia dawa ya kuchua goti. Ekaete ndiye aliyeitafuta.

Bintiyo

Umuoba, 11 Agosti 1975

Mwanangu Obioma,

Hujambo? Goti limepoa. Mwambie aliyeitafuta dawa.

Nwakaego amejifungua mtoto wa kiume. Ami yako mkubwa alikuja hapa na mdomo wake: "Huyu baba yake nani?" Nikamwambia, "Unaongea naye." Akatazama chini, akaomba tembo.

Alipoondoka nikawaza sana. Kumbe watu humeza jambo lolote likija na jina wanalolijua. Yako bado siyaelewi, mwanangu, na moyo unaniuma. Lakini nimepigania mlango huu wote halafu wewe usiuingie?

Mwezi ujao tunampa mtoto jina. Mlete Ekaete. Msieleze mambo mengi. Nitasimama mimi niseme, "Huyu naye ni mke wetu." Nani atamuuliza mwanamume mambo ya nyumbani kwake?

Mama yako, mwenye nyumba