Maneno Niliyomficha Mama

Kagerankanda,
S.L.P. Kasulu.
9 Septemba 1978

Mpendwa Shangazi Winifrida,

Amahoro. Huko Tabora mnaendeleaje? Mwanao Felisiani ameacha kukohoa? Sisi tunapumua. Tangu uolewe, nyumba imekuwa kimya, hata kuku nawazungumzisha.

Mama aliumwa tumbo la chini miezi mitano. Mwezi uliopita akaja hospitalini daktari mgeni anayejua Kifaransa tu. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa Burundi kabla hatujakimbia, na Kiswahili hapa, nikaitwa kutafsiri.

Daktari yule hapasui tumbo zima. Anatoboa tundu dogo kitovuni, anajaza hewa, kisha anaingiza kijibomba chenye taa na kuchungulia. Hayo yote nilimweleza mama. Lakini daktari alisema na jingine: akikuta uvimbe mbaya, atampasua hapohapo na kuondoa kizazi.

Shangazi, hilo nililimeza. Maneno ya kizazi mtoto anamwambiaje mama yake? Hayo ni yako wewe, nawe uko mbali. Mama aliuliza, "Ndiyo yote?" Nikasema ndiyo. Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kutobolewa.

Mungu alisaidia, ulikuwa uvimbe wa maji tu, wakaufyonza kupitia tundu lilelile. Kesho yake mama alikwenda chooni kwa miguu yake. Kitanda cha pili alilala Josepha, aliyepasuliwa kwa namna ya zamani. Alikuwa katika siku ya kumi na mbili, na bado alishika tumbo kila akitaka kukohoa. Sisi siku ya tatu tulirudi kwa lori la mahindi.

Majirani wakaja kuona kovu. Mama Sylvesta aliinama, akasema, "Kidogo hivi? Daktari wako kachungulia tu kama jirani mmbeya."

"Kama wewe," mama akamjibu.

Wakacheka. Kisha mama akawaambia kwamba binti yake alimweleza kila kitu, hakumficha hata neno. Nikatoka nikijifanya naenda mtoni.

Wiki iliyopita nikamwambia lile nililomficha. Alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso. Akasema, "Ningekubali. Lakini ningekubali mimi."

Tangu hapo ananisemesha habari za kuni na chumvi tu. Tunakula chungu kimoja, lakini niko peke yangu.

Jana akasema daktari atarudi Desemba kumwangalia, nami nitakwenda naye tena. "Utaniambia lote," akasema, "hata la aibu." Niliitika, lakini ulimi wangu ni huuhuu. Basi nakuomba, Shangazi, niandikie mambo ya kizazi mwanamke anamwambiaje mwanamke mwenzake. Yaandike wazi, usinionee haya. Nitayasoma mpaka yanizoee.

Kaka yako Melkiadi, baba yangu, anakusalimu, na mdogo wangu Longinus pia. Mungu awafunike wewe na wanao.

Wako anayekupenda na kukungoja,
Ernesta