Mwau wa Upinde

Jumanne, 2 Desemba 2025

Siku ya tatu Kyuso. Mitihani imeisha, shule imeisha, na Mama aliona heri nije kwa Susu, mama yake Baba, kupalilia ndengu kuliko kukaa Mbumbuni nikitazama ukuta. Sikukataa. Hajui kwamba kwenye begi nilibeba mashine ya gemu ya Safa!

Safa tulikaa dawati moja miaka minne. Baba yake ana duka la simu mjini Mwingi. Amenikopesha mpaka matokeo yatoke. "Usipomaliza ule mchezo wa chumvi usinipigie," alisema. Ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kupanga maneno kwanza.

Leo nimemaliza ule wa treni. (Majina ya kweli ni marefu, mimi naiita hivi.) Wewe ni kondakta katika safari ya mwisho kabla ya reli kufungwa. Hakuna kupigana. Unakata tiketi, unauliza watu wanaenda wapi. Mzee mmoja anajibu "nyumbani" kila ukimuuliza, vituo kumi na moja. Cha kumi na mbili anasema, "Tumeshapita." Basi. Nililia kwa sababu ya neno moja! Wajapani waliouandika wanajua kungoja.

Na hiki ndicho ninachopenda kuliko vyote: ukiulizwa swali, mchezo unasimama. Majibu mawili yanatokea na kukungojea. Hakuna anayesema, "We msichana, huna ulimi?"

Alhamisi, 4 Desemba

Nimeanza ule wa chumvi. Kwanza muziki. Kinanda tu na kitu kama filimbi, na theluji. Sijawahi kuona theluji lakini nilivuta leso.

Watu wanne wanabeba chumvi kupeleka mji ambao watu wake wamepoteza ladha. Unawapa majina mwenyewe. Msichana wa upanga nimemwita Nzisa, yaani mimi. Mpishi mnene ni kaka yangu Mbithi, na akijua ataniua. Bibi mganga ni Mumbua, jina la Susu. Kijana wa upinde, mwenye utani mwingi, nimemwita Mwau.

Mwau ni ndugu mdogo wa Baba, kitinda mimba wa Susu. Alienda Ghuba, Uarabuni, kulinda maghala. Simu yake imezima mwaka mmoja na miezi saba. Niliandika jina lake kwa sababu yule kijana anacheka kama yeye. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeshikwa! Saa nane jua linachoma, tunapumzika, Susu akaingia kimya.

"Hiyo inakupa nini?"

Nikajibu ni hadithi. Akakaa kwenye kitanda. "Nihadithie." Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikaanza kumgeuzia kwa Kikamba, sentensi moja moja. Aliposikia mganga anaitwa Mumbua alicheka mpaka akashika goti. "Hata huko nimezeeka!"

Halafu nikasema, "Sasa Mwau anapiga mshale."

Susu akaacha kucheka.

"Mwau ni rika lako?"

"Hapana, Susu."

"Basi sema baba mdogo."

Kwa hiyo baba mdogo amepiga mshale, baba mdogo amenunua uyoga, baba mdogo ameanguka mtoni. Nimeongea saa nzima bila kusimama! Mimi!

Jumapili, 7 Desemba

Kanisa, saa nne nzima. Leo hakuna gemu.

Nimefikiria kwa nini ule wa posta wa kisiwani ulinichosha na huu haunichoshi. Ule si wa Kijapani. Unapeleka barua na unachagua zipi ufungue. Umeandikwa vizuri, lakini kila mtu pale anajua kueleza uchungu wake kama mwalimu. Huu wa chumvi mtu ana uchungu na anakuuliza kama umekula. Hapo ndipo ninapoamini.

Makosa yake: mapigano ya njiani ni mengi mno, popo wale wale, hatua tatu popo! Na kwa nini malkia wa barafu amevaa nguo kidogo hivyo kwenye baridi? Susu alimwangalia na kuuliza kama hana mama.

Lakini vyakula! Ukipiga kambi Mbithi anapika, na chakula kinachorwa hadi mvuke. Na kila mji, jambo likitokea, rudi uongee na watu tena: wote wana neno jipya. Hata mwanamke wa kisimani asiye na jina. Mtu fulani alikaa akamwandikia.

Jumanne, 9 Desemba

Susu ana ratiba sasa. Tunaamka mapema tumalize mistari yetu ya ndengu, tunakula muthokoi wa mahindi na maharagwe, halafu anapangusa kile kioo cha sola mwenyewe ili chaji isipungue. "Mwau yuko wapi leo?" Haulizi habari ya wengine, hata ya Mumbua.

Hataki apigane kabla ya kula. Hataki alale nje pesa za chumba zikiwepo. Leo alibaki na damu kidogo, na Susu akanishika mkono: "Mrudishe nyuma! Weka huyo mnene mbele!"

Nikasema, polepole, "Susu, ni picha tu."

"Mimi si mjinga. Najua ni picha. Lakini umeipa jina."

Alhamisi, 11 Desemba

Safa ametuma sauti ya dakika nne. Nilipanda mpaka kwenye mawe, penye mtandao, ndipo ikafunguka.

"Aki Nzisa, umefika darajani? Tafuta tishu! Yule wa upinde anakufa. Usijisumbue kumwokoa, mimi nimerudia mara tatu. Imeandikwa hivyo. Lakini vile wanamzika — woi! Kila mmoja anamwekea chumvi kiganjani na kumwambia neno moja. Huwezi hata kuiruka hiyo sehemu."

Darajani ndipo tulipoachia jana.

Nimemwandikia Safa kila kitu. Amejibu haraka: "Mle mchezoni kuna mama wa sokoni anabadilisha majina. Mwite Jonah, maisha yaendelee. Susu wako hatajua, si hasomi Kiingereza?"

Ukweli, hatajua. Mimi ndiye kinywa.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Susu hajui likizo, tumepalilia.

Mchana nilimwambia chaji imeisha. Uongo. Nilijificha nyuma ya ghala na kurudi sokoni, kwa yule mama. Nikaandika Jonah. Ikaniuliza: Una uhakika? Ndiyo. Hapana. Zikakaa pale, hazina haraka, na kwa mara ya kwanza nilitamani mchezo unisukume.

Watu wa ukoo walikuja mwezi wa nne kumwambia Susu wafanye ibada ya kumuaga Mwau. Aliwapa chai. Akawaambia, "Sijaona mtu, sijaona barua. Mtaomba nini?" Hawakurudia. Na mimi nimfute kwa kidole, nyuma ya ghala?

Nimebonyeza Hapana.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimemwambia.

Tulikuwa mstari mmoja, yeye mbele, mimi nyuma, na nilianza kwa sababu nilikuwa naona mgongo wake tu. Nikasema, Susu, kule mbele kuna daraja. Nikasema, yule wa upinde havuki. Nikasema kosa ni langu, sikupaswa kutumia jina. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Jembe halikusimama. Alimaliza kile kipande. Kisha, bila kugeuka:

"Wenzake watakuwepo?"

"Ndiyo. Wote."

"Watamshika?"

"Safa anasema wanamshika."

"Na watamzika wenyewe, kwa mikono yao?"

"Ndiyo, Susu."

Akang'oa gugu moja. "Basi huyo ana bahati."

Tulipalilia mpaka jua likatua.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisani alikaa mbele badala ya mahali pake. Hakuimba. Nyumbani akauliza kama nimeshiba. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala.

Jumatatu, 15 Desemba

Hatujaenda shambani. Jumatatu, na mvua haijanyesha, na hatujaenda!

Asubuhi Susu alipangusa kioo cha sola mara mbili. Ameoga. Amevaa rinda la bluu na kitambaa cheupe cha kanisa, kile cha mazishi na ubatizo. Ametoa viti viwili nje ya mlango, leo hatukai kitandani. Nilidhani tunapata wageni.

"Ile kitu ina nguvu?"

Nikasema tungoje kidogo. Akasema atangoja. Kwa hiyo naandika hapa jikoni huku chaji inapanda.

Nimemuuliza kama ana uhakika, tunaweza kuacha, nirudishe kwa Safa vile ilivyo, na baba mdogo abaki hapo upande huu wa daraja milele. Hilo linawezekana katika mchezo. Atasimama pale na upinde wake, akipumua, theluji ikianguka, miaka yote.

Alifikiria. Kweli alifikiria, nilimwona.

"Akibaki hapo," alisema, "nani atampikia?"

Kisha akaniambia nisimgeuzie harakaharaka kama siku zile. Kila mtu atakachosema, nikiseme chote. Na zamu ya Mumbua ikifika nisisome. Nisimame. Neno hilo atalisema yeye.

Sijui mchezo utamngoja muda gani. Nafikiri utangoja.

Asilimia tisini na sita. Amechota chumvi kwenye mkebe, imo kiganjani mwake, amekifumba. Ananiita.