Kikao cha Dharura cha Mafundi Gereji Kumtafuta Aliyeandika Barua ya Mtaro

Mahali: Gereji ya Mwenyekiti, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo kwa agizo lake
Siku: Jumamosi, tarehe 14, saa nne asubuhi
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi injini), Fundi Rangi, Fundi Betri, Mama Vipuri, Katibu (fundi umeme)
Asiyehudhuria: Fundi Matairi. Alituma ujumbe kwamba anaumwa. Wajumbe waliguna.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao bila salamu. Aliagiza simu zote ziwekwe mezani, zikiwa zimezimwa.

KUMB. NA. 2/14: UKAGUZI
Mwenyekiti alieleza kwamba wakaguzi wa mazingira walizipita gereji zote bila hata kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwenye mtaro wa nyuma tunakomwaga oili chafu. Sheria ya taka inataka oili hiyo ikae kwenye pipa lenye kifuniko na ichukuliwe na mwenye kibali. Tumepewa siku saba, la sivyo kiwanja kizima kitafungwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akitutazama mmoja mmoja.

KUMB. NA. 3/14: BARUA
Mwenyekiti alionyesha nakala ya barua isiyo na jina waliyopelekewa wakaguzi. Fundi Betri aliuliza ameipataje, wakati sheria inamficha mtoa taarifa. Alijibiwa kwamba anayeuliza sana ana lake jambo.

Iliamuliwa kila mjumbe aandike "mtaro wa nyuma unanuka oili" ili miandiko ilinganishwe. Fundi Rangi aliandika kwa mkono wa kushoto, akaamriwa arudie. Katibu hakupewa karatasi kwa kuwa alikuwa akiandika kumbukumbu.

KUMB. NA. 4/14: UAMUZI
Mama Vipuri alisema herufi za Fundi Betri zimelala kama za kwenye barua. Fundi Betri aliapa kwa watoto wake. "Jamani, miaka kumi na minne nipo hapa! Niende wapi?" Fundi Rangi alimwambia aache machozi ya mamba. Kura tatu zilimtaka aondoke kiwanjani ifikapo Ijumaa. Katibu hakunyoosha mkono, alisema anaandika.

KUMB. NA. 5/14: MENGINEYO
Katibu aliomba mwandiko wake nao utazamwe. "Wewe andika tu, mdogo wangu," alisema Mwenyekiti. Katibu alikisogeza kitabu hiki kando ya barua. Wajumbe waliinama wakalinganisha herufi. Mama Vipuri alisema, "Ala! Wewe?"

Katibu alieleza kwamba nyumba yake iko mtaro unakoishia, kisima chake kina utando wa oili, na binti yake ametokwa na vidonda mwili mzima. Alilileta jambo hilo katika vikao vitatu, likaahirishwa mara tatu. Hakutia jina kwenye barua kwa sababu aliogopa.

Kura zilipigwa upya, safari hii Katibu ndiye aondoke. Fundi Betri alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mwenyekiti aliuliza nani ataliandika azimio hilo. Hakuna aliyejitolea, Katibu akaliandika.

Suala la pipa halikujadiliwa, kwa kukosa muda.

Komeo lilifunguliwa saa tano na nusu, na wajumbe wakatawanyika bila kuagana.

Sahihi:
Mwenyekiti ....................
Katibu (hadi Ijumaa) ....................