Sauti ya Mama Njeri Ndani ya Mashine

Nyeri, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haina adabu. Nalala na soksi mbili mbili na bado najikunja. Lakini usinionee huruma. Kazi ya studio naipenda, na mwajiri wangu Wambui ananilisha viazi mpaka nguo zimeanza kunibana.

Wiki hii nusura tukosane. Studioni tuna mashine ndogo yenye diski mbili, ndimo tunamoweka picha na video zote za wateja. Juzi mchana nilikuwa naiwekea toleo jipya la programu inayoiendesha, nikamwambia Wambui asiiguse mpaka imalize. Mara ngurumo. Watu wa huku wakisikia ngurumo hukimbilia swichi, naye akazima stima ya duka zima. Alipoiwasha tena, mashine ikawa inamulika taa nyekundu tu, na kompyuta haiioni.

"Nilikuambia usiguse," nikasema.

"Sikugusa mashine, niligusa swichi. Ati ungetaka radi ichome kila kitu?"

Tukiwa katika hayo, akaingia Mzee Gachanja, mteja wetu wa Gatitu. Amefiwa na mkewe majuzi, na alifuata video ya harusi ya binti yao Njeri, kwa sababu ndiyo pekee yenye sauti ya marehemu. Nikamweleza ukweli, nikamwomba arudi kesho.

"Mimi sina haraka," akasema, akavuta kiti. "Bibi yangu ako ndani ya hiyo kitu. Nitangoja."

Wambui kwa hofu akachomoa diski moja, akaichomeka kwenye kompyuta, nayo ikamuuliza kama aifomati. Nikamdaka mkono. "Ukikubali tu, umefuta kila kitu. Diski ni nzima, kilichoharibika ni programu." Nikairudisha mahali pake, nikaunganisha mashine na kompyuta kwa waya, nikaiwasha huku nimebonyeza kitufe chake cha ndani kwa pini ya mtandio wangu, nikapakua programu na kuiwekea upya. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nilitaka kulia, Mama. Kumbe faili nililopakua lilifika nusu, mtandao ulikatika kwa mvua. Nikalipakua tena taratibu, na safari hii Wambui mwenyewe akasimama kuilinda swichi. Taa ikageuka kijani.

Tukamfungulia mzee video yake. Marehemu hakuwa akisema jambo la maana, alikuwa anamgombeza mumewe kwa Kikuyu, na Wambui akanitafsiria: "Baba Njeri, wacha hiyo nyama, watu wa picha wanakungoja." Mzee akacheka, akaijibu skrini, "Ninakuja." Akaomba turudie. Yeye hakulia, tuliolia ni sisi.

Nisalimie kaka Bakari na pikipiki zake anazotengeneza, shangazi Zuhura msusi wa mikeka, na yule jirani anayekuletea maziwa.

Nina ombi moja, Mama. Chukua simu ya Bakari unirekodie sauti yako. Usiniombee dua humo, dua zako zinanifika. Nigombeze tu, kama siku ile nilipounguza mchuzi wa wageni. Nataka niiweke.

Ni mimi mwanao, ninayengoja kugombezwa,

Mwanajuma