Wembe wa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi
Vimefika shingoni! Vipele bapa, rangi ya ngozi, haviwashi wala haviumi. Usoni, mikononi, na sasa huku. Mteja kanitazama kwenye kioo, kauliza kama mpambaji mwenyewe hapambiki. Nikacheka. Moyoni nilimlaani. Nimesugua kwa dodoki na chumvi, nikapitisha wembe. Kesho nitakuwa laini.

Alhamisi, 6 Machi
Chunjua, kasema daktari wa ngozi. Zile bapa, za virusi. Kashangaa zilivyotapakaa — damu kaipima, niko mzima wa afya. Kauliza kama nanyoa uso. Nikajibu kwa maringo: ndiyo kazi yangu! Akaweka kalamu chini. Kumbe wembe ndio unaozihamisha. Nimejitazama vizuri nilipofika nyumbani. Zimejipanga mistari mistari, pale pale ulipopita. Nimejipaka ugonjwa kwa mkono wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Mdogo wangu! Januari tulipojaribu vipodozi vya harusi yake nilimchonga nyusi kwa wembe wangu. Kila mteja nampa wembe mpya. Yeye sikumpa — wa nyumbani, damu moja, nani angefungua pakiti nyingine? Mjinga mimi.

Jumanne, 25 Machi
Mama kapiga simu, furaha tupu. Kitindamimba wake katoka vipele vichache, wasiwasi wa bibi harusi tu, dada mtu atavimaliza. Nikasema sawa, Mama. Sawa! Ulimi ulikuwa wapi?

Ijumaa, 4 Aprili
Harusi kesho. Nimefika kwa Mama nimevaa gauni la mikono mirefu na glavu. Bibi harusi kanicheka: nimekuja kupamba au kupasua? Kaketi dirishani, taulo mabegani. Juu ya nyusi, upande wa kushoto — vitatu, mstari mmoja. Ule mstari naujua. Ni mkono wangu.

Nikamwambia tuviache, nitavifunika kwa poda. Hataki. Anataka uso laini, na uso wake hampi mtu mwingine yeyote. Wapambaji wote waongo, kasema, ila wewe dada hujawahi kunidanganya. Kafumba macho, kainua kidevu.

Nimesingizia kunawa. Naandika bafuni, bomba liko wazi. Nikisema, kesho atanifukuza mlangoni. Nisiposema, wembe utavitapakaza uso mzima, kama wangu…

Anagonga. Wembe ameshautoa kwenye karatasi, anasema, nimfungulie anipe —