Moshi Wenye Ruhusa

Durban, Jumamosi jioni. Joto la kunata, upepo hakuna, na hasira bado haijanitoka.

Jumatatu kamati ya jengo letu hapa Albert Park ilibandika tangazo kwenye lifti: marufuku majiko ya mkaa na kuni kwenye balkoni, moshi unachafua hewa. Atakayekaidi atatolewa kwenye fleti.

Nilifoka. Mimi ni mtu wa Tanga, wali wangu lazima niupalie makaa juu ya mfuniko ukauke vizuri, leo mtu ananipangia hata nipikeje? Lakini kesho yake Mama Glody, jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya juu, akaniambia mwanawe ana pumu, na moshi wangu unamfuata mpaka kitandani. Hapo nikanywea. Jiko nikaliosha, nikaliweka chini ya sinki. Kwa ajili ya Glody, si kwa ajili ya tangazo.

Leo mchana napika kwenye umeme, nasikia harufu ya moshi. Nikachungulia. Uani, chini ya madirisha yetu, mwenyekiti wa kamati anachoma nyama. Magogo ya kuni, moshi mzito, wageni wake na bia zao. Braai ya Jumamosi kama kawaida. Wanasema ni utamaduni.

Na wali wangu je, wenyewe ni nini?

Nikashuka na sufuria. Nilitaka kuchota makaa yake mawili matatu, nipalie wali palepale mbele yake, aone aibu. Sijawasha moto, angenishika kwa lipi? Nimeshainama, nikatazama juu.

Joto lote hili, dirisha la Glody limefungwa. Mama yake anaziba upenyo kwa taulo.

Hamu ya wali ikaniisha. Kando ya moto palikuwa na ndoo ya maji ya tahadhari. Nikaibeba, nikaimwaga yote. Nyama, kuni, majivu, vyote vikaogelea.

Mwenyekiti akaniambia taratibu kwamba nimevunja kanuni za jengo. Nikamuuliza ipi, ile uliyoibandika mwenyewe? Najua wataniita kikaoni.

Waniite. Nitavaa vizuri na sitaomba radhi. Kama sheria ni ya kifua cha mtoto, waandike na braai humo humo. Kama ni ya kunikomesha mimi, basi waje wanitoe.

Naogopa? Sana. Fleti nyingine ya bei hii hapa mjini sitaipata.

Wali nimeula hivyohivyo, umelowa juu. Niko katikati ya kula, dirisha la juu likafunguliwa, na Mama Glody akaniita: "Dada, mutoto iko napumua muzuri."

Nikajipakulia tena.